Bango la kanuni za usalama maabara kwa kazi mradi ya shule: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwanafunzi wa sekondari aliyepewa kazi ya kutengeneza bango la usalama, na ya mwalimu anayemsimamia. Tumechukua maabara ya kawaida ya shule ya Tanzania: meza ndefu, sinki moja au mbili, taa za spiriti au vichomeo vya gesi, kabati la kemikali na wanafunzi arobaini au zaidi kwa kipindi kimoja. Kama chumba chenu hakifanani na hicho, badilisheni kanuni zifuate chumba chenu.

Nianzie wapi? Nimeshanunua manila na maka peni.

Viweke pembeni kwanza. Chukua daftari, uombe ruhusa uingie maabara, na uzunguke chumba kizima kuanzia mlangoni. Andika kila kinachoweza kuunguza, kukata, kulipuka, kutia sumu au kumwangusha mtu, na mahali kilipo. Andika pia vya kuokolea: mtungi wa kuzimia moto uko wapi, ndoo ya mchanga ina mchanga au imegeuzwa pipa la taka, bomba linatoa maji au limekauka, mlango wa pili unafunguka au umefungwa kwa kufuli.

Dakika 20 zinatosha. Ukiruka hatua hii utaishia kunakili kanuni za kitabu, na matokeo yake tumeyaona mara nyingi: bango linasema "tumia bafu la dharura" katika shule ambayo haina bafu hilo. Mwanafunzi akimwagikiwa atapoteza muda akitafuta kitu ambacho hakipo. Muulize pia mtunza maabara au mwalimu wa somo ni ajali zipi hutokea humo mara kwa mara. Majibu yake ndiyo kanuni zako za kwanza.

Ziwe kanuni ngapi?

Saba, nane zikizidi sana. Bango lenye kanuni 20 ni daftari lililotundikwa ukutani. Mwanafunzi hulitazama akiwa anapita, kwa sekunde chache tu. Kanuni nyingine zote zikae kwenye karatasi ambayo kila mmoja husoma na kutia saini mwanzoni mwa muhula.

Ukishindwa kuchagua, jiulize maswali mawili kwa kila kanuni: ikivunjwa, mtu anaweza kuumia kiasi gani? Na je, huvunjwa mara nyingi humu? Isiyofikia kiwango kwa lolote kati ya hayo mawili, iache.

Kanuni iandikwe vipi?

Ianze na kitenzi, na imwambie msomaji kitendo ambacho mtu mwingine anaweza kukiona. "Kuwa makini" haina kitendo ndani yake. Hakuna anayejua amekuwa makini kiasi gani. "Vaa miwani ya kinga kabla ya kushika kemikali" inaonekana kwa macho: umevaa au hujavaa.

Amri ya kufanya hufanya kazi vizuri kuliko katazo, kwa sababu katazo humwacha mtu hajui afanye nini badala yake. "Usielekeze testi tyubu kwa mwenzako" ni sahihi, lakini "elekeza mdomo wa testi tyubu pasipo na mtu" inamaliza kazi. Makatazo yabaki pale ambapo hakuna mbadala, kama kula na kuonja.

Sababu ya kanuni usiiandike kwenye bango, ila uijue kwa kichwa. Mwalimu akikuuliza wakati wa kuwasilisha, hapo ndipo maksi nyingi hupatikana au kupotea.

Tupeni mfano wa kanuni saba, na sababu zake.

*Vaa miwani ya kinga kabla ya kushika kemikali.* Jicho halina ngozi ya kulilinda, na tone moja la alkali kali kama sodiamu haidroksaidi linaweza kulipofua. Alkali hupenya ndani zaidi ya asidi nyingi, ingawa wanafunzi huogopa asidi peke yake.

*Funga nywele, chomeka tai na ncha za ushungi.* Andika vyote vitatu. Bango linalotaja nywele tu haliwahusu wengi walio darasani, na ushungi mwepesi wa nailoni huyeyuka na kunata kwenye ngozi unaposhika moto.

*Usile wala kunywa humu. Usionje kemikali.* Hii inahusu hata maji ya kunywa yaliyowekwa kwenye bika "safi". Bika la maabara si kikombe.

*Elekeza mdomo wa testi tyubu pasipo na mtu.* Kimiminika kinachopashwa moto chini huchemka ghafla na kuruka chote kwa mpigo, hasa testi tyubu ikiwa imejazwa kupita theluthi moja.

*Tia asidi kwenye maji, usitie maji kwenye asidi.* Asidi ya salfa iliyokolea ni nzito karibu mara 1.84 ya maji, na inapochanganyika na maji hutoa joto kali. Ukimimina maji juu yake, maji hubaki juu, huchemka palepale na kurusha asidi usoni. Ukimimina asidi kidogo kidogo kwenye maji mengi huku ukikoroga, asidi huzama na joto husambaa kwenye maji yote.

*Zima miali kabla ya kufungua chupa ya spiriti.* Mvuke wa ethanoli huweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 17 hivi, na maabara ya Tanga au Dar es Salaam ina joto zaidi ya hapo mchana kutwa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa juu ya meza hadi kwenye moto ulio mbali. Kosa baya kuliko yote ni kuongeza spiriti kwenye taa inayowaka, au iliyozimika sasa hivi na bado ni ya moto. Mwali wa spiriti hauonekani vizuri kwenye mwanga wa jua, na mtu hudhani taa imezimika kumbe bado.

*Kikivunjika au kumwagika, mwambie mwalimu papo hapo.* Wanafunzi huficha kwa kuogopa kulipishwa. Kama shule yenu hulipisha bika lililovunjika, zungumzeni na mwalimu kabla ya kuandika kanuni hii. Adhabu ikibaki palepale, vipande vya kioo vitaendelea kutupwa kimyakimya kwenye sinki, na anayeosha vyombo ndiye atakayekatwa.

Bango liandikwe Kiswahili au Kiingereza?

Masomo ya sekondari Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza na lebo za chupa ni za Kiingereza, kwa hiyo walimu wengi hudai bango la Kiingereza. Maoni yetu ni haya: kanuni iwe kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa, na chini yake Kiingereza kwa maandishi madogo kama kazi inataka hivyo. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili miezi michache iliyopita hana muda wa kutafsiri wakati kemikali inamwagika. Majina ya kemikali yaache kama yalivyo kwenye chupa, maana ndiyo atakayoyatafuta kabatini.

Mkiweka lugha zote mbili, punguzeni kanuni ziwe tano. Nafasi haitoshi zaidi ya hapo.

Herufi ziwe na ukubwa gani?

Chukua umbali wa msomaji kwa sentimita, ugawe kwa 100 upate kimo cha herufi kinachosomeka bila shida, au ugawe kwa 200 upate kimo cha chini kabisa. Anayesimama mita 5 kutoka ukutani ni sentimita 500, kwa hiyo herufi ya sentimita 2.5 ndiyo mwisho. Ya sentimita 5 inapendeza zaidi. Kichwa cha bango chenye herufi za sentimita 5 kitasomeka mpaka mita 10, yaani kutoka upande wa pili wa maabara nyingi.

Unene wa mstari uwe kama moja ya sita ya kimo. Maka peni yenye ncha bapa ya milimita 4 au 5 inafaa herufi za sentimita 2.5 hadi 3. Kalamu ya wino ya kawaida haifai kabisa: hata ukiandika herufi kubwa kiasi gani, mstari wake hupotea mtu akirudi hatua mbili.

Kichwa kiwe kwa herufi kubwa tupu, lakini kanuni zenyewe ziandikwe kwa herufi ndogo za kawaida. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, na neno kama "KIKIVUNJIKA" lote kwa herufi kubwa hugeuka ukuta wa mistari iliyosimama.

Nafasi ilinibana, maneno ya mwisho yakawa madogo. Nipange vipi?

Hili ndilo kosa linaloongoza, na tiba yake ni kupima kabla ya wino. Manila hutofautiana ukubwa kati ya duka na duka, kwa hiyo pima yako. Mfano huu ni wa karatasi ya A1 iliyosimama, sentimita 59.4 kwa 84.1.

Acha pambizo ya sentimita 4 pande zote. Unabaki na upana wa 51 na urefu wa 76. Kuanzia juu, kichwa kipewe sentimita 10, kisha nafasi tupu ya 2. Kanuni saba zipewe 7 kila moja, jumla 49. Kisha 2 tupu tena, na 13 zilizobaki ziwe kisanduku cha dharura. Jumlisha: 10, 2, 49, 2, 13, unapata 76 kamili.

Ndani ya kila kanuni, kushoto weka alama yenye kipenyo cha sentimita 6, acha 2, na maneno yapate 43. Herufi ya kimo cha 2.5, pamoja na nafasi kati ya herufi na herufi, hula wastani wa sentimita 1.7 kwa upana. Kwa hiyo mstari mmoja unabeba herufi 25, ukihesabu na nafasi kati ya maneno, na kila kanuni ina mistari miwili. "Tia asidi kwenye maji" ni 21; "usitie maji kwenye asidi" ni 24. Zinaenea. Kanuni zote saba tulizotoa juu zinaingia kwa kipimo hiki; ya kwako ikizidi, punguza maneno, usipunguze herufi.

Chora mistari yote kwa penseli laini bila kukandamiza. Andika maneno yote kwa penseli, tundika, rudi nyuma mita 5, soma kwa sauti. Hapo ndipo makosa ya tahajia yanapojionyesha. Wino usubiri siku ya pili.

Rangi na maumbo yana maana, au nitumie ninazopenda?

Yana maana. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, limeweka utaratibu ambao utauona viwandani, bandarini na kwenye vituo vya mafuta. Duara jeupe lenye ukingo mwekundu na mstari wa kukata ni katazo. Duara la bluu lenye mchoro mweupe ni lazima, mfano kuvaa miwani. Pembetatu ya njano yenye ukingo mweusi ni onyo la hatari. Mstatili au mraba wa kijani wenye mchoro mweupe ni usalama: njia ya kutokea, huduma ya kwanza, mahali pa kuoshea macho. Mraba mwekundu wenye mchoro mweupe ni vifaa vya zimamoto.

Kosa linalorudiwa sana ni mstari wa katazo kuelekea upande usio wake. Unatoka juu kushoto kwenda chini kulia, kama unavyouona wewe uliyesimama mbele. Kosa la pili ni kuchora miwani ndani ya duara jekundu lenye mkato, eti kuonyesha "miwani ni muhimu". Bango hilo linakataza miwani.

Maneno yawe meusi juu ya karatasi nyeupe au ya njano hafifu. Njano juu ya nyeupe haionekani, na nyekundu juu ya kijani huwapotea wanafunzi wasiotofautisha rangi hizo, ambao wengi wao ni wavulana. Ndiyo maana umbo na rangi huenda pamoja: asiyeona rangi atasoma umbo.

Zile alama za fuvu na mwali zilizo kwenye chupa, niziweke?

Weka zile tu zilizo kwenye kabati lenu. Alama za chupa ni mfumo mwingine, wa Umoja wa Mataifa, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003: mraba uliosimama kwa pembe, ukingo mwekundu, mchoro mweusi ndani, jumla alama tisa. Vitabu vya zamani vina miraba ya rangi ya chungwa, ambayo Ulaya iliacha kuitumia mwaka 2015. Chupa kuukuu zenye alama hizo bado zimo kwenye makabati ya shule nyingi, kwa hiyo msizione mkadhani ni kosa. Ila bango jipya lichorwe kwa alama mpya.

Mbili hufanana na huchanganywa. Mwali peke yake ni kitu kinachoshika moto, kama spiriti. Mwali uliokaa juu ya duara ni kitu kinachochochea moto wa kingine, kama potasiamu pamanganeti. Hivi viwili havikai rafu moja.

Fuvu ni la sumu kali peke yake. Ukilibandika kwa kila kemikali, litazoeleka na hakuna atakayelijali.

Kisanduku cha dharura kiandikwe nini?

Mistari mitatu, minne isizidi. Andika mahali halisi pa chumba chenu, kwa mfano "mtungi wa moto: kulia kwa mlango wa mbele".

Kwa kemikali kwenye jicho au ngozi, na kwa kuungua: maji safi yanayotiririka, dakika 20, huku mwalimu akiitwa. Dakika 20 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Wengi huacha baada ya dakika moja maumivu yakipungua kidogo. Andika pia "usipake dawa ya meno, asali, yai wala mafuta", maana ndivyo vitu vya kwanza watu wetu wanavyokimbilia. Huzuia joto kutoka na humpa daktari kazi ya kuvisafisha juu ya kidonda.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Tanzania ni 114, na ya polisi ni 112. Kenya ni 999 au 112. Ongeza namba ya mwalimu au ofisi ya shule ikiwa shule imekubali.

Usiandike "mwagia maji" kama tiba ya kila moto. Spiriti inayowaka kwenye bika hufunikwa kwa kitambaa kilicholowa au kigae. Sodiamu na potasiamu, zile zinazohifadhiwa ndani ya mafuta, huwaka zaidi zikipata maji. Zinahitaji mchanga mkavu. Kwa hiyo kagua ndoo ya mchanga: ukilowa, haufai.

Wino umevuja upande wa pili, na picha nilizobandika zimejikunja. Kwa nini?

Maka peni za wino wa kudumu zina kiyeyushi kinachopenya karatasi nyembamba. Weka gazeti chini, pitisha mstari mara moja tu, na usisimamishe ncha mahali pamoja.

Picha hujikunja kwa sababu gundi ya maji huvimbisha karatasi kabla ya kukauka. Tumia gundi ya fimbo, au paka ya maji kwa wembamba kwenye kingo, kisha laza kitabu kizito juu yake kwa saa moja. Gundi ya unga wa ngano au ya ugali hushika, lakini huota ukungu na mende huila usiku.

Ukichapisha picha kutoka intaneti, yenye upana wa nukta (pikseli) 600 isizidi sentimita 10 kwenye bango. Ikivutwa zaidi huonyesha vijiraba.

Selotepu haishiki ukutani.

Ukuta wa chokaa hutoa unga, na selotepu hushika unga badala ya ukuta. Gundisha ufito mwembamba juu na mwingine chini ya bango, funga uzi kwenye ule wa juu, tundika kwenye msumari mmoja. Ufito wa chini huzuia manila isijiviringe.

Litundikwe wapi?

Ndani, karibu na mlango, mahali ambapo mtu hupita kabla ya kufika mezani, lakini si nyuma ya mlango unaofunguliwa. Katikati ya bango iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Kwa A1 hiyo ni ncha ya chini kuwa sentimita 108. Usilitundike juu ya sinki wala juu ya mtungi wa gesi. Ukuta unaotazamana na madirisha pia haufai kama umefunika bango kwa nailoni, maana litang'aa lisisomeke, na jua litafifisha nyekundu kwanza, yaani ile rangi ya makatazo.

Kanuni ya asidi na maji irudie kwenye kadi ndogo kando ya mahali asidi inapochanganyiwa. Hapo ndipo inapohitajika.

Shule yetu haina maabara. Nichague nini?

Jiko la shule au kuvuka barabara. Kwa barabara, jihadhari na mabango ya mtandaoni. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, kwa hiyo mvukaji hutazama kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia, na mpangilio hugeuka. Bango la Marekani likinakiliwa Mwanza humfundisha mtoto kutazama upande usio na gari.

Nitajuaje kama linaeleweka?

Mwite mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye hakushiriki. Asimame mita 5, alitazame kwa sekunde 10, ageuke, akutajie anachokumbuka. Kisha muulize mtungi wa moto uko wapi. Rudia na watano. Kanuni ambayo hakuna hata mmoja aliyeitaja ibadilishwe maneno au ipandishwe juu. Andika matokeo kwenye ripoti ya mradi, pamoja na ulichobadilisha.